METTL3 siyo adui wala siyo rafiki, tuulize kwanza ini la nani limepimwa

Mwaka 2017 timu ya watafiti wa China ilichapisha kwenye jarida la Hepatology kwamba protini inayoitwa METTL14 inapungua kwenye saratani ya ini, na ikishapungua ndo saratani inapata nafasi ya kusambaa, yani kwa lugha nyepesi METTL14 inamlinda mgonjwa. Mwaka uliofuata, jarida lilelile, timu ya Hong Kong ikaja na METTL3, wao wakaonyesha hii imepanda kwenye uvimbe wa ini na ukiizima uvimbe unadumaa kwenye panya, kwahiyo METTL3 inamuumiza mgonjwa. Sasa shida iko hapa: METTL3 na METTL14 hazifanyi kazi mbalimbali, zinashikana zinakuwa kitu kimoja, METTL3 ndo inapachika alama ya kemikali inayoitwa m6A kwenye RNA, yani nakala ya maelekezo ya seli, na METTL14 inaishika ile RNA ikae sawa ili alama ipachikwe. Moja ikiwa mbaya na mwenzake mzuri, ile kazi wanayofanya pamoja tuiiteje?

Nimekuwa nafuatilia hii ishu muda mrefu na kadiri ninavyosoma ndo naona swali lenyewe tunaliuliza vibaya. Watu wanataka jibu moja, kwamba alama hii ya m6A inaleta saratani ya ini au inaizuia, ili kampuni ya dawa ijue pa kupiga. Mimi naona hakuna jibu la hivyo na halitakuja. Cha kuuliza ni alama imekaa kwenye RNA ipi, kwenye ini lenye ugonjwa gani, na hapo kwenye ini lenye ugonjwa gani ndo sisi watu wa Afrika tunaingia, kwa sababu maini ya aina yetu karibu hayamo kabisa kwenye hizi tafiti.

Tuanze na hiyo alama yenyewe kwa wasioijua. Maelekezo ya mwili yako kwenye DNA, seli ikitaka kutengeneza protini fulani inatoa nakala ya kipande cha maelekezo, hiyo nakala ndo mRNA, inatoka kwenye kiini inakwenda kusomwa na ribosomu, protini inatengenezwa. RNA ina herufi nne, moja ni A, yani adenosini. Sasa kuna baadhi ya hizo A zinabandikwa kikundi kidogo cha methili, kaboni moja na haidrojeni tatu basi, kwenye naitrojeni ya nafasi ya sita, ndo maana inaitwa m6A. Maelekezo ya protini yaliyoandikwa kwenye nakala hayabadiliki. Kinachobadilika ni hatima ya ile nakala: iishi muda gani, isomwe mara nyingi au chache, ikatwe vipi, iharibiwe lini. Ni kama mzigo uliopakia kwenye basi la mkoani ukaandikwa juu kwa maka peni, vitu vilivyomo ndani ni vilevile lakini konda anajua kipi kishushwe Morogoro na kipi kifike Mbeya kwa yale maandishi ya juu tu.

Kwa wastani mRNA moja inakuwa na alama kama 3 hadi 5 hivi, na nyingi zinajikusanya karibu na mwisho wa sehemu inayosomwa. Kuna protini za kuandika alama (METTL3, METTL14, WTAP, VIRMA na wenzao), kuna za kufuta (FTO na ALKBH5), na kuna za kusoma, yani zinazoishika RNA yenye alama na kuamua iende wapi, ukoo wa YTHDF ndo maarufu zaidi. Aina za mabadiliko ya kemikali kwenye RNA zinazojulikana leo zimepita 170, m6A ni moja tu ila ndo inayojaa zaidi ndani ya mRNA, ndo maana inaandikwa sana.

Na hapa kuna jambo ambalo sioni likisemwa vya kutosha. Mwaka 1974 Fritz Rottman na wenzake pale Michigan State walipotangaza kwamba mRNA ya mnyama ina methili ndani yake, walitumia seli za Novikoff, na seli za Novikoff ni saratani ya ini ya panya. Yani m6A na saratani ya ini wamekuwa pamoja tangu siku ya kwanza. Halafu kikapita kimya cha karibu miaka 40, sio kwamba watu walidharau, vifaa tu havikuwepo, ungeweza kujua alama ipo lakini usijue iko kwenye RNA ipi wala sehemu gani. Mambo yakafunguka 2011, timu ya Chuan He pale Chicago ilipoonyesha FTO inaweza kuifuta hiyo alama, maana yake ni kitu kinachowekwa na kutolewa, siyo pambo la kudumu, na 2012 timu mbili, moja ya Israel na nyingine ya New York, zikatoa ramani za kwanza za alama kwenye RNA yote ya seli. Baada ya hapo makala zikamwagika.

Turudi kwenye ule mgongano wa mwanzo maana ukiufungua ndani unaona kumbe wote wawili wanaweza kuwa sahihi. Timu ya Hong Kong walichokuta ni kwamba METTL3 inaweka alama kwenye RNA ya jini (gene, kipande cha maelekezo kwenye DNA) la SOCS2, YTHDF2 inaisoma hiyo alama na kuipeleka RNA ikaharibiwe, na SOCS2 kazi yake ni kuzuia mawimbi ya kuiambia seli ikue, kwahiyo kizuizi kikiondoka seli inakua hovyo. Wale wa METTL14 walikuwa wanaangalia kitu kingine kabisa, jinsi alama inavyosaidia kutengenezwa kwa RNA ndogo inayoitwa miR-126, ambayo ikikosekana seli za saratani zinahama kirahisi. Alama ileile, RNA tofauti, matokeo tofauti. Hakuna aliyedanganya. Kosa linaanza pale mtu anapochukua matokeo ya RNA moja na kuandika kwenye kichwa cha habari kwamba m6A inasababisha saratani ya ini.

YTHDF2 nayo hivyohivyo. Mwaka 2019 ilionekana inazuia saratani ya ini kwa kuharibu RNA ya EGFR, na EGFR ni kipokezi kinachoisukuma seli ikue, 2020 ikatoka nyingine inasema YTHDF2 inaongeza seli shina za saratani ya ini kupitia protini ya OCT4 na kusaidia isambae. Na juu ya hapo mwaka huohuo 2020 Sara Zaccara na Samie Jaffrey wakaonyesha kwamba YTHDF1, YTHDF2 na YTHDF3 zinafanya kazi zinazofanana na moja inaweza kuziba pengo la nyingine, ambayo ikiwa kweli kwa seli za ini basi majaribio kibao ya kuzima moja peke yake inabidi yasomwe upya.

Sasa kwa nini nasema hili siyo la wanasayansi kubishana wao kwa wao. Kwa sababu dawa zimeshaanza. Mwaka 2021 kwenye Nature ilitoka STM2457, molekuli inayoizima METTL3, ikafanya vizuri kwenye panya wenye saratani ya damu aina ya AML, na kampuni ya Storm ya Cambridge iliyohusika ikaingiza dawa ya kundi hilo, STC-15, kwa binadamu kuanzia 2022. Ni hatua kubwa sana na naifurahia kwa moyo wote. Lakini ini siyo damu. Panya waliotolewa METTL3 kabisa wanakufa wakiwa bado viinitete, na panya waliotolewa METTL14 kwenye seli za ini ukiwakata kipande cha ini hawawezi kukiotesha tena vizuri, wakati kuota tena ndo sifa kubwa ya ini. Mgonjwa wa saratani ya ini mara nyingi ana ini ambalo tayari limesinyaa kwa makovu, kile kipande kidogo kizima kilichobaki ndo kinamuweka hai, halafu umpe dawa inayogusa mfumo ambao hicho kipande kinautegemea kujirekebisha, lazima tuwe na hakika na tunachokifanya.

Na kuna lingine zito zaidi. Mwaka 2020 kwenye EMBO Journal timu moja ilionyesha kwamba METTL3 ilikuwa imeshuka kwenye saratani ya ini iliyokuwa imegoma kwa dawa ya sorafenib, na ukiishusha METTL3 mwenyewe kwenye mazingira ya oksijeni kidogo seli zinazidi kuigomea dawa, kupitia RNA ya FOXO3. Sorafenib ni dawa ya miaka mingi, jaribio lake la 2007 liliongeza maisha kutoka miezi 7.9 hadi 10.7, ni kidogo ila kwa hospitali nyingi hakuna zaidi ya hiyo. Fikiria mgonjwa yuko kwenye sorafenib halafu mtu anamuongezea kizuizi cha METTL3 kwa sababu makala ya 2018 ilisema METTL3 ni mbaya.

Migongano hii inatoka wapi? Sehemu ni biolojia kama nilivyoeleza, lakini sehemu nyingine ni vipimo na sampuli, na hapa nataka nikae kidogo.

Njia iliyotumika zaidi kutafuta m6A ni kingamwili zinazoikamata RNA yenye alama. Ni njia nzuri kuanzia ila inakupa eneo la herufi kama 100 hadi 200, haikuonyeshi A yenyewe, na uchambuzi mmoja wa 2020 uliolinganisha tafiti mbalimbali uliona kwamba hata kwa seli za aina moja maeneo yanayolingana kati ya tafiti ni asilimia 30 hadi 60 hivi. Yani kabla hujalinganisha mgonjwa na mtu asiye mgonjwa, maabara mbili zenye seli zilezile tayari hazikubaliani.

Afu seli zenyewe. HepG2, seli inayotumika kuliko zote kwenye utafiti wa ini, ilitoka kwa kijana wa miaka 15 wa Argentina, haina kirusi cha hepatitis B, na wataalamu walipoichunguza upya wakasema ile ni saratani ya ini ya utotoni, siyo ile ya watu wazima. Ila hiyo ina nafuu. SMMC-7721 na BEL-7402, ambazo zimetumika kwenye makala nyingi sana za saratani ya ini zikiwemo za m6A, zilipopimwa vinasaba zilionekana ni HeLa, yani saratani ya mlango wa kizazi iliyotoka kwa Henrietta Lacks mwaka 1951, ilivamia zile seli maabara zamani na watu wakaendelea kuzigawana kwa jina la ini. Sasa mtu anakuambia METTL fulani inafanya hivi kwenye saratani ya ini na ushahidi wake ni mlango wa kizazi. Kwangu mimi makala yoyote ya m6A kwenye ini yenye hizo seli mbili naiweka pembeni mpaka nione hilohilo kwenye tishu ya mgonjwa.

Halafu kuna lile wimbi la makala za kompyuta tupu. Mtu anapakua data za TCGA, ule mradi mkubwa wa Marekani, anachukua majini kama 20 yanayohusika na m6A, anatafuta mchanganyiko unaotabiri nani atakufa mapema, anaandika. Zipo nyingi mno na karibu zote zinakula kwenye sahani ileile. Kwenye hiyo data ya ini wagonjwa wamezidi 360, wengi wao Wazungu na Waasia, watu weusi hawafiki 20. Nao ni weusi wa Marekani, ambao hawajalishwa mahindi yenye sumukuvu (aflatoxin, sumu ya ukungu wa nafaka) tangu utotoni.

Hapo kwenye sumukuvu na hepatitis B ndo kiini cha ninachosema. Saratani ya ini ya kusini mwa Sahara siyo ya Chicago. Mwaka 2017 ulitoka utafiti mkubwa wa nchi tisa za Afrika, Tanzania na Uganda zikiwemo, wagonjwa zaidi ya 2,500. Ukiondoa Misri, umri wa kati wa mgonjwa ulikuwa miaka 46, na muda wa kati wa kuishi baada ya kugundulika ulikuwa miezi miwili na nusu. Miezi miwili na nusu! Misri kwa kulinganisha ilikuwa miaka 58 na karibu miezi 11, na wao tatizo lao kubwa lilikuwa hepatitis C. Hawa wa miaka 46 ni watu wenye watoto shuleni na wazazi wanaowategemea, na kwa nchi zetu kirusi kikubwa ni hepatitis B, ambacho wengi wanakipata wakiwa wadogo kabisa, na kwa ukanda wetu wa mashariki na kusini aina inayotamba ni A1, wakati China ni B na C.

Kwa nini hilo liwe na maana kwa m6A? Kwa sababu RNA ya kirusi chenyewe inapachikwa hiyo alama na METTL3 ya mgonjwa. Timu ya Aleem Siddiqui kule San Diego ilionyesha 2018 kwamba alama inakaa kwenye A ya nafasi ya 1907, kwenye kipinda kinachojirudia mwanzo na mwisho wa RNA ya kirusi. Ikiwa mwanzoni inasaidia kirusi kujizalisha, ikiwa mwishoni inaifanya RNA ya kirusi iharibike haraka. Nafasi mbili, RNA moja, alama moja, na matokeo yanapingana! Mimi niliposoma hiyo ndo nikaacha kabisa kutafuta jibu la METTL3 ni nzuri au mbaya. Kwa mgonjwa mwenye hepatitis B kuizima METTL3 ni kugusa saratani na kirusi kwa wakati mmoja, na hujui kirusi kitaelekea upande gani, na hiyo seli ya HepG2 ya kawaida haiwezi kukujibu maana kirusi hakimo.

Sumukuvu nayo ina saini yake. Tangu 1991 inajulikana kwamba inaharibu TP53, jini linalozuia saratani, kwenye kodoni ya 249 (kodoni ni herufi tatu zinazotaja kipande kimoja cha protini), iligunduliwa kwa wagonjwa wa Qidong China na wa kusini mwa Afrika. Sisi tunaijua sumukuvu kwa vifo vya ghafla, Kenya mwaka 2004 watu 317 waliugua na 125 wakafa ukanda wa Makueni na Kitui, na Tanzania 2016 ikapiga Dodoma na Manyara. Lakini ile inayoliwa kidogokidogo kila siku kwenye ugali ndo inayokutana na hepatitis B na kuleta saratani miaka mingi baadaye. Seli yenye TP53 iliyoharibika hivyo, yenye kirusi aina ya A1 ndani, ya mtu wa miaka 40 ambaye ini lake huenda halina hata makovu mengi, alama zake za RNA zimekaa vipi? Hilo ndo swali ambalo ningependa kuona kichwa cha makala chake.

Nisieleweke kwamba napuuza eneo zima. Kuna mahali ushahidi unanishawishi zaidi. METTL1 kwa mfano, yenyewe haiweki m6A, inaweka alama ya m7G kwenye tRNA, zile zinazobeba vipande vya kujengea protini, na mwaka 2021 wachina wa Sun Yat-sen walionyesha kwenye tishu za wagonjwa na kwenye panya kwamba ikipanda seli inatengeneza kwa wingi protini za ukuaji, na baadaye ikaonekana inahusika na saratani kuigomea lenvatinib, dawa nyingine ya saratani ya ini. Na kuna ile ya 2013 ya RNA ya AZIN1, ambapo herufi A inabadilishwa kabisa na protini ya ADAR1 na protini ya AZIN1 inatoka na asidi amino tofauti kwenye nafasi ya 367, inayoipa seli nguvu ya kukua. Hizi mbili ninaziamini zaidi kwa sababu njia kutoka kwenye alama hadi kwenye ugonjwa ni fupi na unaweza kuihesabu. Na kwamba kemia ya RNA inaweza kuwa tiba siyo ndoto, chanjo za Covid za mRNA zilifanikiwa kwa kubadilisha herufi moja ya RNA, ndo kazi iliyowapa Katalin Karikó na Drew Weissman Nobel ya 2023.

Wakati tunasubiri hayo, la kuzuia tunalo na halihitaji METTL yoyote. Taiwan walianza mpango wa taifa wa kuchanja watoto hepatitis B mwaka 1984, na saratani ya ini kwa watoto wa miaka 6 hadi 14 ikashuka kutoka 0.70 hadi 0.36 kwa kila watoto 100,000. Kenya iliingiza chanjo hii 2001, Tanzania 2002. Ila waliozaliwa kabla ya hapo ndo hawa wanaougua sasa na watakaougua miaka 20 au 30 ijayo, chanjo ya mtoto haiwafikii, na hao ndo wanaohitaji utafiti wa dawa uwajue.

Kinachokwamisha kiko wazi. Saratani ya ini huku inagundulika kwa ultrasaundi na kipimo cha damu cha AFP, mgonjwa anakuja tumbo limejaa maji, daktari ana sababu nzuri za kutokuchoma sindano kuchukua nyama, kwahiyo tishu haipo. Na hata ikichukuliwa inawekwa kwenye formalini kwa ajili ya darubini, RNA inaharibika, wakati kupima m6A vizuri unataka kipande kilichogandishwa mara moja kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri. Lakini mashine za kusoma RNA moja kwa moja, zile za nanopore zinazoiona alama yenyewe bila kingamwili, zipo ukanda huu, Kilifi na Kinshasa wamesoma vinasaba vya virusi kwa teknolojia hiyohiyo. Wanaopasuliwa ini au kuchomwa sindano kwa sababu za matibabu yao wapo, hata kama ni wachache. Kipande cha ukubwa wa punje ya mchele kikigandishwa kwa ridhaa ya mgonjwa, pamoja na kipande cha pembeni kisicho na uvimbe, kikapimwa aina ya hepatitis B, kodoni ya 249 na ramani ya m6A vyote pamoja, hata wagonjwa 50 tu wa namna hiyo wangetuambia kitu ambacho makala zote za TCGA haziwezi. Na wale wanaopanga majaribio ya vizuizi vya METTL3 kwa saratani ya ini waombwe sasa, kabla hawajaandikisha mgonjwa wa kwanza, wapime wingi wa kirusi cha hepatitis B kabla ya dawa na kila wiki baada ya dawa, na matokeo hayo wayachapishe.